Tanuri la kuni lenye minyororo inayojifungua yenyewe: niiache au niing'oe?

Kijana wa Rungwe (mleta uzi)
Salaam wakuu. Niko Maine, Marekani, maeneo ya Lewiston, na nahitaji akili za watu wanaojua moto.

Nyumba tuliyohamia ni ya zamani. Chini ya nyumba kuna tanuri kubwa la chuma linalotumia kuni. Linapasha hewa, hewa inapanda vyumbani kwa mabomba ya bati. Ukutani sebuleni kuna themostati. Nyumba ikipoa chini ya kiwango ulichoweka, kule chini kimota kinazungusha mkono wenye minyororo miwili. Mmoja unainua kilango kidogo kwenye mlango wa majivu, hewa inaingia chini ya moto. Mwingine wakati huohuo unafunga kilango kilichoko ubavuni mwa bomba la moshi, kinachoingiza hewa ya chumbani. Joto likifika mkono unageuka: cha chini kinafunga, cha kwenye bomba kinafunguka. Juu ya hayo yote kuna kibati cha duara kwenye bomba hilohilo, kina kauzito pembeni, hakina mnyororo wala waya, kinajichezea chenyewe tu.

Shida yenyewe: nikitia kuni jioni na kuweka nyuzi 20, nyumba inapanda hadi 27, watoto wanavua masweta, na nikishuka chini nakuta cha chini kimeshajifunga na cha kwenye bomba kimefunguka kama inavyotakiwa. Alfajiri kumebaki majivu matupu na nyumba imepoa. Upepo ukivuma kile kibati cha duara kinagonga usiku kucha.

Jirani mmoja, mtu mzima wa hapa, ananiambia ng'oa vyote uendeshe kwa mkono. Mimi naona ana haki. Hii mitambo ya kujiendesha inakula kuni na haifanyi kazi iliyowekewa. Mwenye hoja ya kunipinga aje.

Limuru Baridi
Mtu wa Rungwe analalamikia baridi? Si mnatuambiaga kwenu mnaamka na umande mgumu kama mawe? Nafuatilia huu uzi.

Mkinga wa Makete
Limuru Baridi, wewe ukija Makete mwezi wa saba utarudi Kenya unatembea na blanketi. Nafuatilia pia.

Fundi Bati
Mimi ni fundi wa bati Nairobi, natengeneza majiko na dohani. Sijawahi kuona huo mtambo wako kwa macho lakini moto ni moto. Ukifunga kilango cha chini na kuni bado zinawaka kwa nguvu, maana yake hewa inaingia kwingine. Hakuna moto unaowaka bila hewa. Angalia mlango wa kutilia kuni na mlango wa majivu: ile kamba nene inayozunguka ukingo ipo? Imelika? Shika karatasi, ifungie mlangoni, uivute. Ikitoka bila kushikwa, hapo ndipo hewa inapopita. Mota yako haina kosa.

Kijana wa Rungwe
Asante Fundi Bati, nitajaribu hiyo ya karatasi. Lakini kibati cha duara je? Hicho nadhani kinamwaga moshi ndani ya nyumba kikifunguka, ndiyo sababu nataka kukiziba kwanza.

Mama Zuhura
Usizibe kitu mwanangu! Hebu ngoja kwanza. Mie niko Minneapolis mwaka nenda mwaka rudi, na nyumba ya kwanza tuliyokaa ilikuwa na tanuri la mafuta lenye kibati kama hicho. Hakimwagi moshi. Kinafunguka kwa ndani, hewa ya chumbani ndiyo inayoingia kwenye bomba. Dohani ikivuta kwa nguvu kupita kiasi, kibati kinakubali hewa ya chumbani ipite hapo, ule mvuto unapungua kule kwenye moto. Mvuto ukishuka, kinajifunga kwa uzito wake. Ukikuta moshi unatoka hapo, ujue dohani imeziba au inarudisha, na hilo ni la hatari, uzime moto na utoke nje na wanao.

Msoma Historia
Mama Zuhura uko Minneapolis na hujatuambia kwamba uko mji uleule mtambo wa mleta uzi ulikozaliwa? Huyu kijana ana kizazi cha mbali cha kifaa cha Albert Butz. Butz alizaliwa Uswisi, akahamia Minnesota, akaanzisha kampuni yake Minneapolis mwaka 1885 na kupata hataza ya kirekebishi cha tanuri mwaka 1886. Namna kilivyofanya kazi ni ileile: chumba kikipoa, themostati inafunga mzunguko wa umeme wa betri, sumaku inavuta kizuizi, mhimili unazunguka nusu mzunguko, mnyororo unainua kilango cha hewa. Chumba kikipata joto, nusu mzunguko mwingine, kilango kinashuka.

Mnazi Mmoja
Hiyo si ndiyo Honeywell? Yeye ndiye aliyevumbua themostati, nimeona jina lake kwenye vile vya duara vya ukutani.

Msoma Historia
Hapana mkuu. Mark Honeywell alikuwa mtu wa Wabash, Indiana, na kampuni yake ya mwaka 1906 ilihusika na mifumo ya maji moto. Kampuni iliyotokana na ya Butz iliungana na ya Honeywell mwaka 1927, jina la Honeywell ndilo likabaki kwenye vinywa vya watu. Kile cha duara unachokisema kilitoka mwaka 1953, umbo lake ni kazi ya Henry Dreyfuss.

Na neno themostati lina umri mkubwa kuliko wote hao. Andrew Ure, Mskochi, alipata hataza ya kifaa cha metali mbili mwaka 1830. Metali mbili zilizogandishwa pamoja, moja inatanuka zaidi ya nyingine, ukanda unapinda joto likipanda. Ukitaka kurudi nyuma zaidi, Mholanzi Cornelis Drebbel, miaka ya 1600 mwanzoni, alikuwa na tanuri la kuatamishia mayai lenye mrija wa spiriti na zebaki. Spiriti ikitanuka inasukuma zebaki, zebaki inapandisha kijiti, kijiti kinafunga tundu la moshi. Hakuna umeme, hakuna mtu wa kukesha. Kudhibiti moto kwa kudhibiti hewa, kwa mashine inayojisimamia, ni wazo la karne nne.

Limuru Baridi
Yaani vifaranga walipata themostati kabla ya watu.

Injinia wa Mvuke
Nimefanya kazi kwenye boila za kuni za viwanda vya chai Mufindi, kwa hiyo niruhusuni niweke tarakimu kidogo, kwa sababu naona watu wanazungumzia "mvuto" bila kuupima.

Dohani haivuti. Hewa ya nje, iliyo baridi na nzito, ndiyo inayosukuma ile nyepesi ya ndani ya dohani ipande. Nguvu hiyo unaipata kwa urefu wa dohani mara tofauti ya uzito wa hewa hizo mbili. Chukua dohani ya mita 7, ndani nyuzi 200, nje nyuzi 0. Hewa ya nje ina kilo 1.29 kwa mita ya ujazo, ya ndani kama 0.75. Tofauti hiyo, ukizidisha kwa mita 7 na kwa 9.8 ya mvutano wa dunia, inakupa paskali (kipimo cha msukumo) 37 hivi. Nje ikishuka hadi 20 chini ya sifuri, jambo la kawaida kwa Maine, unafika kama paskali 45. Sasa matanuri mengi ya nyumbani ya aina hiyo yanataka paskali 10 hadi 15. Umeelewa sasa kwa nini kibati chako kinagonga? Dohani yako inasukumwa mara tatu ya inavyohitaji. Bila kibati hicho, moto ungepokea nguvu hiyo yote, na hata ukifunga kilango cha chini hewa ingejipenyeza kwenye kila ufa. Ushauri wa jirani wa kuking'oa ni ushauri wa kukuongezea tatizo.

Mpemba wa Stuttgart
Injinia, hesabu ni nzuri ila nyuzi 200 kwa dohani yote ni nyingi mno. Nyumba za zamani dohani yake ni ya matofali, mara nyingi imepanda nje ya ukuta. Moshi unaingia na nyuzi 200 chini, juu umeshapoa sana. Weka wastani wa nyuzi 100 na nje 0, utapata kama paskali 24 tu. Na hapo hujatoa msuguano wa moshi kwenye kuta na kwenye kona za bomba.

Huku Ujerumani haya hatukisii. Msafisha dohani wa eneo lako ana mamlaka ya kisheria, anakuja kukagua kila jiko lililounganishwa na dohani. Kibati kama hicho huku kipo sana, na mwenye kukikagua ni yeye, si jirani.

Injinia wa Mvuke
Mpemba nakubali hoja ya kupoa, na ndiyo maana nasema apime. Ipo geji ya bei nafuu ya mvuto, unatoboa tundu dogo kwenye bomba kati ya tanuri na kibati, unasoma. Hata paskali zako 24 bado zimezidi 15.

Bandugu wa Burlington
Jambo bandugu. Mimi ni wa Bukavu, sasa niko Vermont. Nyumbani mwetu tuko na jiko la kuni la sebuleni lenye kilango cha nyuma, kinajifungua chenyewe bila umeme. Ndani kuna koili ya metali mbili. Jiko likipata moto, koili inajikunja, inalegeza kamnyororo, kilango kinashuka. Linafanya kazi vizuri kabisa, tunalala, asubuhi tunakuta makaa mekundu. Kwa hiyo sikubali kwamba mtambo wa kujiendesha ni mbaya.

Lakini angalia tofauti. Koili yangu inasikia joto la jiko lenyewe. Ya mleta uzi inasikia joto la sebuleni. Moto ukishika, sebule haijui bado. Inapokuja kujua, chuma chote cha tanuri na mabomba yote yameshajaa joto, na joto hilo litapanda tu hata ukifunga hewa. Nyuzi 27 zake zinatoka hapo.

Mama Zuhura
Hapo umenena. Na themostati yenyewe iko wapi sebuleni? Kwetu ilikuwa ukuta wa nje, nyuma yake ni baridi tupu, ikawa inadhani nyumba nzima inaganda. Fundi alipoihamishia ukuta wa katikati, mafuta yalishuka matumizi.

Kijana wa Rungwe
Iko ukuta wa katikati, karibu na mlango wa ngazi za kwenda chini. Mbali kidogo na tundu la hewa moto.

Mnazi Mmoja
Karibu na mlango wa ngazi! Mlango ukifunguliwa hewa ya chini inapiga pale pale. Tatizo limepatikana, funga uzi.

Fundi Bati
Mnazi Mmoja una haraka. Chini ya nyumba ndiko tanuri liliko, hewa ya huko ni ya moto au vuguvugu. Ikipiga themostati, tanuri litazimwa mapema na nyumba ingekuwa baridi, isingefika 27.

Mnazi Mmoja
Inategemea. Kama sakafu ya chini ni ya udongo au saruji wazi na kuna madirisha madogo yanayovuja, hewa inayopanda ngazi ni baridi hata kama tanuri liko pale.

Mkinga wa Makete
Naomba nirudi kwenye kuni. Mleta uzi hajasema anachoma kuni gani na zimekauka kiasi gani. Kwetu kuni mbichi ya mkaratusi inatoa moshi, haitoi moto. Kuni mbichi nusu ya uzito wake inaweza kuwa maji. Wanaojua wanataka chini ya asilimia 20. Anatia kuni za hali tofauti, zilizokauka zinalipuka jioni, mbichi zinafukiza usiku, alfajiri hakuna kitu. Minyororo haihusiki hapo.

Kijana wa Rungwe
Kuni ni za mwaloni na nyingine mchanganyiko, nilinunua zimeshapasuliwa. Muuzaji alisema zimekauka.

Bandugu wa Burlington
Ndugu yangu, kila muuzaji anasema zimekauka. Mwaloni huku wanauacha miaka miwili baada ya kupasua. Nunua kile kipimo chenye sindano mbili, pasua gogo upya, choma sindano upande wa ndani. Ukipima kwa nje utajidanganya.

Kizibo
Samahani nimechelewa. Nimesoma uzi wote na naona mmeruka jambo kubwa. Mtambo wa Butz aliousimulia Msoma Historia ulitengenezwa kwa tanuri la makaa ya mawe, si la kuni. Makaa ya mawe magumu, yale ya Pennsylvania, hayana gesi nyingi, yanawaka taratibu kwa kitanda kizima. Ukiyanyima hewa yanasinzia, ukiyapa yanaamka. Kilango cha kufungua na kufunga kinayafaa sana.

Kuni haziko hivyo. Gogo likipata joto linatoa gesi, na gesi hiyo itatoka hata ukifunga hewa, kwa kuwa gogo lenyewe limeshapata moto. Ukifunga hewa katikati ya hapo, gesi haiungui, inapanda kama moshi mzito, inapoa ndani ya dohani. Ikishuka chini ya nyuzi 120 hivi inagandia kwenye kuta: kriosoti, ile lami nyeusi inayonuka. Siku moja moto wa nguvu unaifikia, dohani nzima inawaka. Nyumba nyingi Amerika ya Kaskazini zimeungua hivyo.

Ndiyo sababu majiko ya kuni ya kisasa Marekani hayakuachii ufunge hewa kabisa. Shirika lao la mazingira liliweka viwango vya moshi mwaka 1988, likavikaza mwaka 2015. Kwa hiyo swali la kweli kwa mleta uzi: tanuri lako lilijengwa kwa kuni au kwa makaa ya mawe?

Kijana wa Rungwe
Kizibo, ndani kuna wavu mzito wa chuma unaotikiswa kwa mkono wa nje, majivu yanaanguka chini. Aliyeniuzia nyumba alisema baba yake alikuwa anatia makaa ya mawe, baadaye wakaanza kuni.

Kizibo
Basi jibu umelitoa mwenyewe. Wavu wa kutikisa na hewa ya kutoka chini ni tanuri la makaa ya mawe. Kuni hazihitaji hewa nyingi ya chini, zinahitaji ya juu ili gesi iungue. Hewa yako yote ikiingia chini, kuni zinakwisha upesi.

Injinia wa Mvuke
Hapa napingana kidogo. Kuna matanuri mengi yaliyotengenezwa yatumie vyote viwili. Wavu peke yake hauthibitishi kitu. Atafute kibao cha mtengenezaji. Na mlangoni juu, pa kutilia kuni, je, kuna kidude cha kuzungusha chenye matundu? Hicho ndicho cha hewa ya juu. Huenda kipo na kimefungwa tangu enzi za baba yake yule mtu.

Mpemba wa Stuttgart
Jambo jingine linalonishangaza: hakuna aliyegusa kile kilango cha pili kwenye bomba, kile chenye mnyororo. Hicho na kibati cha duara vyote viwili vinaingiza hewa ya chumbani kwenye bomba. Joto likifika, cha mnyororo kinafunguka, na kama mvuto ni mkubwa cha duara nacho kinafunguka. Wakati huo nyumba yako inanyonya hewa iliyokwisha kupashwa moto na kuitupa nje kupitia dohani, na mahali pake inaingia hewa baridi kupitia kila ufa wa madirisha. Usiku mzima. Hiyo ya kupoa alfajiri mbona inaelezeka hapo?

Mama Zuhura
Hewa inayochukuliwa ni ya chini ya nyumba Mpemba, si ya sebuleni. Huko chini hakuna anayelala.

Mpemba wa Stuttgart
Hewa ya chini inatoka wapi Mama? Inashuka kutoka juu au inaingia kutoka nje. Kwa njia yoyote nyumba inalipa.

Msoma Historia
Nikumbushe kwamba shida ya "nani atashuka kuangalia moto" ndiyo iliyozaa haya yote. Warren Johnson alikuwa mwalimu wa chuo cha ualimu Whitewater, Wisconsin. Mtumishi wa jengo alikuwa akiingia darasani kila mara kusoma joto, kisha anarudi chini kurekebisha vilango vya tanuri. Johnson akatengeneza kifaa cha umeme, hataza yake ni ya mwaka 1883, kinachopiga kengele kule kwenye chumba cha tanuri. Kengele tu. Mtu ndiye aliyegeuza vilango. Butz akaja kumtoa yule mtu. Kwa hiyo jirani anayesema "rudi kwenye mkono" anataka kijana awe mtumishi wa Whitewater.

Limuru Baridi
Sasa nami niongee bila utani. Kwetu Limuru nyumba nyingi zina meko ya sebuleni. Nilichojifunza kutoka kwa mzee wangu ni kwamba hewa ya kuingia na njia ya moshi havifungwi vyote pamoja. Kila mwaka tunasikia watu wamelala na jiko la mkaa ndani, dirisha limefungwa, asubuhi hawaamki. Kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi. Kijana, kabla hujagusa mnyororo wowote, una king'ora chake? Chini na vyumbani?

Kijana wa Rungwe
Kipo kimoja ghorofani. Chini hakuna. Nakinunua leo.

Kizibo
Limuru Baridi ameleta jambo kubwa kuliko yote humu. Niongeze: kama siku moja utarudi kwenye makaa ya mawe, usifunike moto wote kwa makaa mapya kisha ukafunga hewa. Gesi inajikusanya juu, ikipata mwali inalipuka na kurusha milango. Huwa wanaacha kona moja ya moto wazi ili gesi iungue inapotoka.

Fundi Bati
Haya majiko yetu ya mkaa yenye udongo ndani, yaliyoenea Kenya tangu miaka ya themanini, yana kilango hichohicho cha chini. Mama wa nyumbani anajua: maharage yakichemka, funga nusu. Ndiyo themostati yake. Wazo hilo la udongo ndani ya bati lilichukuliwa Thailand, lakini kilango kila mtu anakitumia kwa akili yake. Nimejaribu kuwaza jiko la mkaa lenye koili kama ya Bandugu. Inawezekana?

Bandugu wa Burlington
Inawezekana Fundi, lakini sufuria ikitolewa joto linabadilika ghafla na koili ni ya polepole. Ugali utaungua.

Mkinga wa Makete
Fundi Bati tengeneza moja uje ulijaribie Makete, huku tunapika na kuota moto kwa jiko hilohilo.

Injinia wa Mvuke
Turudi kwa mleta uzi. Umefanya jaribio la karatasi?

Kijana wa Rungwe
Mrejesho wakuu. Karatasi: mlango wa juu umeshika vizuri, wa majivu karatasi inatoka upande mmoja bila kushikwa. Kile kidude cha matundu kipo kweli, kimeshikana na kutu, nimekilegeza kwa mafuta na kukifungua nusu. Kipimo cha kuni: gogo moja ndani lina asilimia 17, jingine 29. Geji ya mvuto nimeiazima: moto ukiwa mkali na kibati cha duara kinafanya kazi inasoma karibu 20. Nikikishika kwa mkono kisifunguke, sindano inapita 30. King'ora kimewekwa chini.

Jana usiku nilichagua magogo makavu tu na kuacha hewa ya juu nusu. Nyumba ilifika 24, na alfajiri kulikuwa na makaa kidogo. Lakini jana nje pia hakukuwa na baridi kali wala upepo, kwa hiyo sijui nimsifu nani.

Fundi Bati
Umsifu kamba ya mlango utakayoibadilisha. Nimesema tangu mwanzo.

Mkinga wa Makete
Asilimia 29! Nimesema kuni.

Kizibo
Hewa ya juu. Bado mnabishana?

Injinia wa Mvuke
Sindano inasoma 20 na kibati kinafanya kazi, maana yake kibati hakitoshi au uzito wake umewekwa vibaya. Uzito huo una skrubu, usogeze taratibu huku ukitazama geji, ushuke 15. Na hakikisha mhimili wake umelala sawa, tumia pima maji. Ukikaa mshazari ndiyo unagonga.

Kizibo
Injinia subiri. Kwa kuni kuna wanaosema kibati hicho ni hatari. Kinapoza moshi, kriosoti inaongezeka, na dohani ikishika moto kinafunguka wazi na kuupa hewa. Watengenezaji wengi wa majiko ya kuni wanakataza kisiwekwe. Unamwambia akifungue zaidi?

Injinia wa Mvuke
Majiko ya sebuleni, ndiyo, wanakataza. Matanuri makubwa ya chini ya nyumba, wapo watengenezaji wanaolazimisha kiwepo. Bila kibati mvuto unapita 30, moto unakimbia, chuma kinapasuka. Chagua hatari ipi ni kubwa.

Mpemba wa Stuttgart
Ndiyo maana aite msafisha dohani kwanza. Aipige kamera ndani, aone kama kuna kriosoti na ni ya aina gani, masizi ya kupukutika au ile ngumu inayong'aa. Mpaka hapo mnabishana juu ya dohani ambayo hakuna aliyeiona.

Mama Zuhura
Nami namuuliza kijana: jikoni juu ya jiko la kupikia kuna feni ya kutoa moshi nje? Ikiwashwa jioni mnapopika, hewa ya nyumba inanyonywa, na dohani inapata kazi ya kushindana nayo. Kwetu tuligundua hivyo, kibati kilikuwa kinagonga wakati wa kupika chapati tu.

Kijana wa Rungwe
Feni ipo Mama, na tunaiwasha kila jioni. Ila kugonga ni usiku wa manane, feni imezimwa.

Bandugu wa Burlington
Mashine ya kukaushia nguo je? Huku wengi wanaiwasha usiku, na ile inatoa hewa nyingi nje kuliko feni ya jikoni.

Kijana wa Rungwe
Iko chini, mita chache kutoka kwenye tanuri. Mke wangu akitoka zamu ya usiku ndipo anafua.

Mama Zuhura
Haya! Mwambie aizime usiku mmoja wa upepo, usikilize.

Injinia wa Mvuke
Mashine ikinyonya, mvuto wa dohani unapungua, kibati kinatakiwa kifunge na kutulia. Hakiwezi kugonga kwa sababu hiyo.

Mpemba wa Stuttgart
Kinaweza, kama mashine inashindana na upepo. Mvuto unapanda na kushuka, kibati kinafuata. Na ikishinda kabisa, moshi unarudi ndani. Aiwashe mashine mchana moto ukiwa mdogo, ashike geji, atuletee namba kabla na baada. Dirisha la chini lifunguliwe kidogo kwa usalama, kisha lifungwe, asome tena.

Kijana wa Rungwe
Geji bado ninayo mpaka Jumapili. Nitasoma zote nne: mashine ikiwa imezimwa na ikiwaka, dirisha likiwa wazi na likiwa limefungwa. Msafisha dohani nimepata, ana nafasi wiki ijayo.

Fundi Bati
Ukishabadilisha kamba ya mlango ndipo usome, la sivyo namba zako zitakuwa za mlango unaovuja.

Kizibo
Asome kabla na baada ya kamba. Namba zote weka hapa.